MSIMAMIZI, SHERIA ZA KUZINGIRA NGOME ZIANDIKWE. TUMECHOKA KUZISIKIA BAADA YA KUSHINDWA!

Bandugu wa Lushi (Lubumbashi), Goma, Bukavu na Kinshasa, salamu. Nimenyamaza muda mrefu, leo nasema. Ngome yangu ya mtoni katika mchezo wetu huu wa vita vya ngome imeanguka. Silii kwa sababu imeanguka, vita ni vita. Nakasirika kwa sababu imeangushwa na sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiona mpaka siku ile.

Tuanze na saa. Kanuni inasema amri zote za wachezaji kwa kila zamu zifike kabla ya saa sita ya usiku. Saa sita ya wapi? Nchi yetu ina majira mawili! Lubumbashi, Goma na Bukavu ikigonga saa sita, Kinshasa bado ni saa tano. Sisi wa Lushi tulipeleka amri zetu mapema, zikabandikwa wazi kila mtu azisome. Kisha bwana mmoja wa kule Kinshasa akabaki na saa nzima mkononi, anajua kabisa lango gani nimeliacha na askari wachache. Akapeleka yake, ikapokelewa. Lakini mwenzetu wa Katuba, hapa Lushi, aliyekatikiwa umeme, akapeleka yake dakika chache tu baada ya saa sita ya hapa, kaambiwa amechelewa. Kwa saa ya Kinshasa alikuwa bado na muda tele! Chagueni saa moja, yoyote ile, hata ya London, mradi iwe moja kwa wote. Na amri ziende kwa msimamizi peke yake, azifungue zote pamoja zamu ikishafungwa.

La pili ndilo limeniwasha zaidi. Jeshi la huyo bwana wa Kinshasa lilifika chini ya ukuta wangu na trebusheti tatu, katika zamu ileile moja, sambamba na wapanda farasi. Trebusheti, jamani, mtambo wa kurusha mawe wenye mbao kama za paa la kanisa! Mwaka 1304, Edward I wa Uingereza alipoizingira Stirling kule Scotland, mafundi seremala waliujenga mtambo wake mkubwa palepale nje ya kuta, na walinzi walipotaka kusalimu amri mfalme akakataa mpaka aujaribu kwanza. (Huyo naye angetufaa humu.) Basi sheria iseme wazi: mtambo unajengwa papo hapo, unakula mbao na zamu kadhaa. Au kama unabebwa vipandevipande, jeshi zima litembee mwendo wa mikokoteni ya ng'ombe. Mawili hayo, chagueni.

Halafu njaa. Kanuni inasema ngome iliyozingirwa haiwezi kudumu muda mrefu. Muda mrefu ni kiasi gani? Calais ilidumu karibu miezi 11, Septemba 1346 mpaka Agosti 1347, na ilisalimu kwa njaa, si kwa mawe. Mimi ghala langu lilikuwa limejaa, nafaka niliinunua kwa dhahabu tangu mavuno na iko kwenye daftari la mchezo. Naambiwa njaa imeingia. Imepitia mlango gani? Nataka hesabu: watu wangapi wanakula magunia mangapi kwa zamu. Nilipouliza nikajibiwa kwamba msimamizi anaangalia hali ilivyo. Yaani Mazembe wanacheza na Lupopo, bao limeingia, ndipo mwamuzi anaanza kutueleza kuotea ni nini!

Jambo la wapelelezi sitalirefusha. Mpelelezi wangu alikufa njiani, habari haikufika kwa yeyote, ila adui aliisoma kwenye kundi la WhatsApp na mhusika wake, yule anayemchezesha mchezoni, akaamka asubuhi anaijua. Anachokijua mchezaji si lazima mhusika wake akijue. Andikeni hivyo, basi.

Najua mtaniambia "yaya, mkubwa wetu, acha kulia, ni muchezo tu". Ni mchezo, ndiyo, na mega za intaneti tunazinunua kwa franka zetu.

Sasa kuna jambo haliwezi kungoja. Makabaila wadogo wawili waliniapia. Desturi ya ukabaila wa zamani kule Ufaransa na Uingereza ilikuwa siku 40 za vita kwa mwaka, zikiisha bwana alipe au watu warudi makwao. Hapa kwetu hakuna kilichoandikwa, wamepigana nami msimu mzima bila malipo. Ngome ikienda, kiapo nacho kinakwenda, au bado wananidai ulinzi? Mmoja ameshaniandikia anataka nafaka. Nimpe ipi? Yaya msimamizi, nijibu hapahapa mbele ya wote, si kwenye ujumbe wa siri, na iwe kabla ya Ijumaa. Zamu inafungwa siku hiyo na sijui nimwandike kwenye jeshi langu au kwenye la adui.