Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni masaa mangapi?

Wakuu habari, kesho kutwa napanda ndege mara ya kwanza naenda Mwanza kumuona mgonjwa Bugando, tiketi inasema kuondoka saa 12 asubuhi, sasa shemeji nimwambie aje kunipokea saa ngapi?

mzee_wa_dirishani: Angani ni kama kilomita 850 tu mkuu, jeti inatumia saa moja na nusu hivi, hizi za pangaboi zinakaribia mawili. Basi ndo linazunguka zaidi ya kilomita 1,100, unafika miguu imevimba.

Dada K: Shemeji aje saa 2, asiwahi sana. Ila wewe wahi, mi niliwahi kuachwa nikiwa bado natafuta kitambulisho kwenye begi 😂

muulizaji: Haha asanteni, nakaa dirishani

mzee_wa_dirishani: Mkianza kushuka utaona ziwa na yale mawe