Naomba ushauri: kupunguza uzito kwa kuhesabu kalori bila kuacha vyakula ovyo

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye ujuzi wa lishe. Kwa wiki 6 sasa nimejiwekea kikomo cha kalori 1,800 kwa siku ili nipunguze uzito, lakini sijaacha keki, chipsi wala soda, vitu ambavyo nakiri kwamba navipenda mno.

Nilivutiwa na Mark Haub, profesa wa lishe katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas nchini Marekani, ambaye mwaka 2010 alipunguza takriban kilo 12 kwa wiki 10 huku sehemu kubwa ya mlo wake ikiwa keki na biskuti tamu, ingawa alitumia pia vidonge vya vitamini, kinywaji cha protini na mboga kidogo.

Mimi nimepungua kilo 3, kwa hiyo hesabu inafanya kazi. Kinachonitesa ni njaa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4 tu, hivyo sahani moja ya chipsi humaliza sehemu kubwa ya kalori zangu kabla sijashiba, na usiku nalala nikiwa na njaa na hasira (walio nyumbani wanalijua hilo vizuri).

Je, mliopitia njia hii mnavitengea vyakula hivyo kalori ngapi kwa siku bila kukosa protini na nyuzinyuzi? Na ni afadhali kuvila kidogo kila siku, au kuvisubiri hadi mwisho wa wiki?