Tupeane uzoefu: Marehemu akiwa ameuawa, nani aseme nini kaburini?

Katibu wa Mtaa (Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyashuhudia wenyewe kwenye misiba ya watu waliokufa kwa vurugu: waliopigwa na wananchi wenye hasira kali, waliouawa katika ugomvi wa mashamba na malisho, waliokufa kwenye mikutano ya siasa. Misiba ya kawaida tuiache, kwa kuwa utaratibu wake unajulikana: ibada, historia ya marehemu, salamu za rambirambi, neno la shukrani, watu wanakula na kutawanyika. Shida huanza pale kifo kinapokuwa na mtu wa kulaumiwa. Hapo mhubiri hutaka kukifafanua, mwanasiasa hutaka kukitumia, vijana hutaka kukilipizia, na mwenye msiba aliyeketi kwenye mkeka hana hata nguvu ya kuuliza kipaza sauti kimemfikiaje huyo anayezungumza.

Kijana mmoja wa kwaya yetu alidai juzi kwamba mambo haya ni ya kwetu tu, kwa sababu ya umaskini. Si kweli. Marekani kuna kanisa dogo la Westboro, mjini Topeka katika jimbo la Kansas, lililoanzishwa na Fred Phelps mwaka 1955, ambalo waumini wake, wengi wao wa ukoo wake mwenyewe, walijizoesha kusimama karibu na mazishi wakiwa na mabango ya kumshukuru Mungu kwa kifo cha anayezikwa, wakidai kwamba taifa linaadhibiwa kwa kuwavumilia mashoga. Mwaka 2006 walifanya hivyo kwenye mazishi ya askari aliyefia Iraki; baba yake akawashtaki, na tarehe 2 Machi 2011 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba walikuwa na haki ya kusema kwa kuwa walisimama mahali pa umma na kuzungumzia jambo la umma. Miezi miwili kabla ya hukumu hiyo, baada ya watu 6 kuuawa kwa risasi mjini Tucson, akiwemo mtoto wa kike wa miaka 9, wabunge wa Arizona walipitisha kwa siku chache sheria ya kuwaweka waandamanaji umbali wa futi 300, yaani kama mita 90, kutoka mazishini, na Agosti 2012 Rais Obama akatia saini sheria yenye umbali huohuo kwa mazishi ya wanajeshi nchi nzima.

Sisi hatuna kipimo cha mita. Tunategemea kamati ya mazishi, balozi wa nyumba kumi, na aibu ya mtu mwenyewe. Naomba mseme kama vilifanya kazi.

Mama Mafinga

Kamwene. Mimi nitaeleza msiba wa kijana wa jirani yangu, aliyepigwa hadi kufa kwa kutuhumiwa wizi wa ng'ombe. Hakufikishwa kituoni wala mahakamani, kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua kama aliiba. Mhubiri aliyeletwa, ambaye hakumfahamu marehemu, alisoma kwamba mshahara wa dhambi ni mauti, kisha akaanza kulifafanua neno hilo kwa kumtazama mama mzazi. Pale uani walikuwepo watu ambao sote tulijua kwamba walishika fimbo siku ile, na ninasema kwa uchungu kwamba hao ndio waliokuwa wakiitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Mjomba wa marehemu hakugombana. Alinyanyuka taratibu, akamsogelea mwalimu wa kwaya na kumnong'oneza, na kwaya ikaanza kuimba katikati ya mahubiri, beti zote, na ilipomaliza ikaanza tena. Mhubiri alisimama na Biblia yake wazi mpaka akaelewa. Jeneza likainuliwa kwaya ikiwa bado inaimba. Uongozi wa kanisa lake ulilalamika baadaye kwamba mtumishi alidhalilishwa, na sisi wanawake wa mtaa tulijibu kwamba aliyedhalilishwa ni aliyezaa.

Mwandishi wa Zamani (Iringa mjini)

Mkoa wetu una kifo ambacho waandishi wa rika langu hatuwezi kukipita. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa mikononi mwa polisi waliokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani cha CHADEMA, wakati ambapo jeshi hilo lilikuwa limezuia mikutano ya siasa kwa maelezo kwamba sensa inaendelea. Alizikwa kwao wilayani Rungwe.

Ninachokumbuka kutoka siku zile ni jinsi kila mazungumzo yalivyogeuka kuwa mashindano ya kummiliki. Kwa wengine alikuwa shahidi wa upinzani, ingawa alikwenda Nyololo kazini. Kwa wengine alikuwa ajali ya bahati mbaya, ingawa picha zilionyesha askari wamemzunguka akiwa chini. Rafiki yangu mmoja alikataa kuvaa fulana ya chama chochote na kukataa vilevile kusoma salamu zilizoandaliwa na ofisi moja ya serikali; alivaa kitambulisho chake cha kazi, basi. Maswali ya kweli yalijibiwa mbali na kaburi, na kwa kuchelewa: Julai 2016 Mahakama Kuu hapa Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mkitaka maoni yangu, hasira ya msibani ilisaidia kesi isifukiwe, lakini ingeishia kuwa kelele kama wenzetu wasingeendelea kuhudhuria mahakamani pale ambapo hapakuwa tena na umati wala kamera.

Mzee wa Tukuyu

Ndaga, Katibu, ila sikubaliani na unavyoliweka suala hili, kana kwamba msiba wenye ghasia ni jambo geni lililoletwa na siasa. Kabla ya Wamoravian na wamisionari wa Berlin kufika Unyakyusa mwaka 1891, na kwa miaka mingi baadaye, wanaume walicheza ngoma ya mazishi wakiwa na mikuki mikononi, na ugomvi kati ya koo ulizuka hapohapo mara kwa mara, hasa pale kifo kilipodhaniwa kuwa na mkono wa mtu. Wazee walilijua hilo na waliliruhusu, kwa sababu hasira ilikuwa na uwanja wake na watu wa kuiangalia. Kanisa lilileta utulivu, nami ni Mmoravian, silikani. Lakini utulivu huo umewafundisha wakubwa kwamba mfiwa anayenyamaza ameridhika.

Bodaboda Mstaafu (Mwanjelwa)

Mzee wa Tukuyu amenigusa. Mwenzetu wa kijiweni alifariki baada ya kukimbizwa na kuangushwa na gari la doria. Hivyo ndivyo walivyosema waliokuwepo, na kituo husika kilisema aliteleza mwenyewe. Siku ya mazishi tulijipanga pikipiki mbele na nyuma ya jeneza, matawi ya miti yamefungwa kwenye usukani, na tulikuwa tumekubaliana kimyakimya kwamba tukifika njia panda hatutakwenda makaburini kwanza. Tutapita kituoni, tulishushe jeneza mlangoni, mpaka mkuu atoke aseme neno. Tulipofika njia panda, walio mbele wakakata kushoto.

Baba mkwe wa marehemu, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, alishuka kwenye gari, akaja mbele na kushika usukani wa pikipiki ya kiongozi wetu. Hakututisha wala hakutuhubiria. Aliuliza, "Wanangu, wakirusha mabomu ya machozi, nani atabaki na jeneza?" Tulitazamana. Mmoja akajibu kwamba atabaki yeye. Mzee akamwambia, "Mke wa marehemu ana mimba ya miezi saba na yuko kwenye lile gari. Naye utabaki naye?"

Tuligeuza. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba tulitulizwa. Jioni, baada ya kuzika, mzee yuleyule alituambia tuchague watu watatu, akaenda nao kituoni bila jeneza, na wiki iliyofuata akarudi nao kwa mkuu wa wilaya wakiwa na barua na majina ya mashahidi. Dereva alihamishwa, hakushtakiwa. Wapo wenzangu wanaosema mpaka leo kwamba tungepita na jeneza angeshtakiwa. Mimi naamini tungekuwa na jeneza la pili. Hatujawahi kukubaliana, na kijiwe kiligawanyika kwa ajili hiyo.

Mchungaji Mstaafu (Njombe)

Watumishi wenzangu tusijifiche nyuma ya wanasiasa. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto wetu mkoani hapa walipokuwa wakitekwa na kuuawa, na miili yao kuokotwa ikiwa imekatwa viungo, nilisikia mahubiri ya kila namna. Serikali iliwakamata waganga. Baadhi yetu tukaona imetupa ruhusa ya kuwashambulia hata wazazi, kwamba Mungu amewaondolea ulinzi kwa sababu wanakwenda kupiga ramli. Hayo yalisemwa mbele ya akina mama waliokuwa wamewasindikiza watoto shuleni asubuhi ile kwa woga. Yana ndugu zake kwingineko: Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 walipouawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, mjini Newtown, Marekani, mwanasiasa Mike Huckabee, ambaye ni mchungaji pia, alisema si ajabu kuwa na vurugu shuleni wakati Mungu ameondolewa humo. Na mchungaji Mlutheri wa mji huohuo, aliyepoteza mtoto wa usharika wake, alitakiwa na viongozi wake aombe radhi kwa kuomba dua katika ibada ya pamoja na watu wa dini nyingine. Akaomba radhi. Mimi ni Mlutheri, na habari hiyo iliniumiza kuliko ya Westboro, kwa kuwa hao wa mabango tunawajua ni nani.

Nilipokuwa kazini nilijiwekea utaratibu wa kutosema neno lolote kuhusu sababu ya kifo mpaka nimeiuliza familia inataka nini kisemwe, na mara nyingi walisema: taja jina lake vizuri, Baba Mchungaji, na utaje watoto wake.

Mkulima wa Mbarali

Kwetu, baada ya mapigano ya wakulima na wafugaji, kamati ilikubaliana na mjane kwamba orodha ya wasemaji iandikwe usiku wa kuamkia mazishi na asiyekuwemo asipewe nafasi, awe diwani au askofu. Kiongozi mmoja alifika na msafara na kukuta hayumo. Aliketi kwenye benchi na wengine, akala, akaacha rambirambi kwenye bahasha kama kila mtu, na aliyoyaandaa akayasema siku nyingine, kwenye mkutano wa kijiji, ambako wakulima na wafugaji walipata nafasi ya kumjibu.

Katibu wa Mtaa (Uyole, Mbeya)

Mkulima, naomba utueleze orodha hiyo aliishika nani siku ya mazishi, kwa maana kwetu huandikwa vilevile lakini hupotea pindi magari ya wakubwa yanapoonekana.

Mkulima wa Mbarali

Aliishika dada wa marehemu, pamoja na kipaza sauti.