Uliwahi kukosa muda wa kufuzu kwa chembe ya sekunde? Tupeane uzoefu wa mbio za shule

Habari za wakati huu wakuu. Uzi huu ni wa sisi tuliokimbia enzi za shule, iwe nyika au uwanjani, tuliowahi kusimama mbele ya karatasi ya matokeo tukitafuta jina kwa kidole. Lete lako: muda ulioupata, ulioukosa, au uliodhulumiwa. Walimu wa michezo na waamuzi nanyi mje, tuna maswali na nyie.

Naanza mimi. Mita 400, kiwango cha kwenda mashindano ya juu ya shule kilikuwa 52.20. Siku hiyo mstarini hakukuwa na mashine ya picha inayopima muda yenyewe, ni walimu watatu na stopuwachi zao. Nikavuka, nikajitupa kwenye nyasi. Mwalimu akanijia akanionyesha kioo cha saa yake: 52.02. Saa ya pili nayo 52.02. Nilirukaruka hadi nikalitoboa begi la mwenzangu kwa spaiki. Nusu saa baadaye karatasi inabandikwa, nasomeka 52.24.

Nikaenda meza ya matokeo nimefura. Mwalimu wa pale akanieleza taratibu, kama anayefundisha darasa la asubuhi. Muda wa mkono haubaki na tarakimu mbili baada ya nukta. Unapandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 52.02 inakuwa 52.1, na hata ingekuwa 52.01 ingekuwa hivyohivyo. Halafu ili ulinganishwe na muda wa mashine unaongezewa 0.14 kwa mita 400. Kwa mita 100 na 200 ni 0.24. Sababu ni kwamba mwenye saa anasubiri kuona moshi wa bastola, na mpaka kidole kibonyeze mkimbiaji keshaondoka. 52.1 ukijumlisha 0.14 unapata 52.24. Sikuwa na hoja. Hesabu nilikuwa nafaulu vizuri tu darasani, ila siku hiyo niliichukia.

Karibuni.

Upepo Mbaya
Mita 100. Muda ulitosha na ukabaki. Kipima upepo kikasoma +2.1, yaani mita kwa sekunde za upepo unaonisukuma mgongoni, mwisho unaoruhusiwa ni +2.0. Nimemaliza.

Stopuwachi Mbovu
Mkuu Upepo pole, umenichekesha lakini nimeumia pia. Mleta mada, saa ya tatu ilisoma ngapi?

Mleta Mada
52.11, ambayo ikipandishwa ni 52.2. Lakini saa mbili zikikubaliana ndizo zinazosikilizwa. Zingekuwa zimetofautiana zote tatu ingechukuliwa ya katikati. Nilizijua kanuni zote hizo baada ya kuumia.

Wa Sita
Mimi nina ya nyika, na ni ya furaha, mnisamehe.

Timu ina wakimbiaji saba, wanaohesabiwa ni watano wa kwanza. Nafasi zao zinajumlishwa na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mkiingia wa kwanza hadi wa tano nyinyi tupu mna 15, hakuna bora zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa wa sita wa timu yetu msimu mzima. Ukiwa wa sita hakuna anayekuuliza umekuwa wa ngapi. Wenzangu walikuwa wanaitwa mbele kupeana mikono na wageni, mimi nashikilia majaketi.

Fainali ilikuwa baada ya mvua ya siku mbili. Kwenye ule mteremko wa mwisho matope yalikuwa yanavuta kiatu, unasikia kabisa yanavyonyonya. Mbele yangu wako wawili wa wapinzani wetu wakubwa, wanakimbia bega kwa bega na wanaongea! Nadhani hilo ndilo lililoniudhi. Nikawapita kama mita 60 kabla ya kamba, nikaingia mdomo umejaa udongo, nikaenda zangu kutafuta maji.

Matokeo: sisi 61, wao 62. Wetu walikuwa wa 4, 8, 12, 16 na 21. Wao wa 1, 5, 9, 22 na 25. Mimi wa 24. Sasa fuatilieni hapa. Wale wawili niliowapita walikuwa wao wa tano na wa sita. Wa sita hahesabiwi, ila nafasi yake ipo na inamsukuma aliye nyuma. Ningebaki nyuma yao, mtu wao wa tano angekuwa wa 24, jumla yao ingekuwa 61 kama yetu. Na kwa kanuni tulizokimbilia, sare inaamuliwa na mtu wa sita. Wa kwao angekuwa mbele yangu. Kombe lingeondoka.

Kocha alipiga hesabu hiyo kwenye kiganja chake kwa kalamu, akaanza upya, akaniangalia. Hakusema kitu. Akanichukulia majaketi yote akayabeba yeye.

Mwalimu wa Filimbi
Wa Sita, umenikumbusha vijana wangu wengi. Nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba mbio za timu hushindwa huko nyuma kwenye kundi, hawanielewi. Nitawaonyesha hii.

Dada Mkubwa
Shikamooni wakubwa. Mimi sikukimbia, nina mdogo wangu anayekimbia. Kwenye uwanja ameambiwa muda wa kufikia, kwenye nyika haambiwi muda wowote, anaambiwa tu "ingia kwenye nafasi kadhaa za kwanza." Kwa nini? Si umbali unajulikana?

Mwalimu wa Filimbi
Marahaba. Umbali unajulikana kwenye karatasi. Nimewahi kuandaa njia ya kilomita 5 kwa kigurudumu cha kupimia, asubuhi ya mbio tukakuta sehemu moja imefurika, tukaihamishia bendera upande wa pili. Ikabaki kilomita ngapi? Mungu ndiye ajuaye. Weka na vilima, nyasi ndefu, kona za ghafla. Kijana aliyekimbia 17:30 kwenye njia ya kilima anaweza kuwa bora kuliko wa 16:30 kwenye njia tambarare. Ndiyo maana hata dunia nzima hakuna rekodi ya mbio za nyika, ingawa mashindano yake ya dunia yalianza mwaka 1973. Nyika ni nafasi tu. Mwambie mdogo wako asivae saa siku hiyo, awaangalie wenzake.

Ila uwanjani avae. Huko mita 400 ni mita 400 kila mahali.

Maili Pungufu
Mwalimu, hiyo ya "kila mahali" imenifikisha kwenye mkasa wangu. Sekondari nilimalizia Marekani. Kule wanafunzi hawakimbii mita 1500, wanakimbia 1600, yaani raundi nne kamili. Wanaiita maili lakini inapungua mita tisa na kidogo, ambazo kwa kasi ya vijana ni kama sekunde moja na nusu. Maili yenyewe wanaiheshimu sana: Jim Ryun aliivunja dakika 4 akiwa bado mwanafunzi mwaka 1964, 3:59.0, na mwaka uliofuata akaishusha hadi 3:55.3. Rekodi hiyo ya wanafunzi ilikaa mpaka 2001 Alan Webb alipokimbia 3:53.43. Kila kijana kule anazijua namba hizo.

Mimi mgeni nikaulizwa muda wangu bora, nikajibu 4:12. Ulikuwa wa 1500. Aliyejaza fomu akauandika kwenye 1600. Kwa wasiojua, 4:12 ya 1500 ni kama 4:29 ya 1600, na mwanafunzi wa 4:12 ya 1600 ni mtu wa kutafutwa na vyuo.

Nikapangwa kundi la wenye kasi, linalokimbia mwisho jukwaa limejaa. Mtangazaji anasoma muda wa kila mmoja na kufika kwangu anautaja kwa mbwembwe. Nilitaka kunyoosha mkono nieleze, bastola ikalia. Raundi ya kwanza sekunde 62. Sijawahi kupita pale kwa 62 maishani. Ya pili nikawa wa mwisho, ya tatu nikawa wa mwisho nikiwa peke yangu, ile ya watu kukupigia makofi ya huruma. Nikaingia 4:26.

Sasa utamu. Kwenda hatua inayofuata kulikuwa kwa muda, bila kujali kundi. Aliyeshinda kundi la kwanza, aliyeinua mikono kabisa mstarini, alikuwa na 4:28. Mimi wa mwisho nikafuzu. Yeye wa kwanza hakufuzu. Sikuweza kumwangalia usoni.

Stopuwachi Mbovu
Makofi ya huruma nayajua hayo, ni mabaya kuliko kuzomewa.

Kumi na Nne
Nimesita kuandika. Naandika kwa ajili ya huyo mdogo wake Dada Mkubwa, kama ni wa kike.

Nikiwa na miaka 14 nilikimbia mita 3000 kwa 10:04. Kiwango kilikuwa 10:10. Kila mtu akaanza kupiga hesabu: kama 14 yuko hivi, 17 itakuwaje. Hakuna aliyeniambia kwamba mwili wa msichana unabadilika katikati hapo, na kwamba wengi muda wao unasimama au unarudi nyuma mwaka mmoja au miwili, kisha unakwenda tena. Nilipofika 16 nilikuwa nakimbia 10:31. Kocha tuliyekuwa naye akasema tatizo ni uzito. Hakunisema kwa ukali, alisema kwa upole, mbele ya wenzangu, akiwa na daftari lenye uzito wa kila mmoja wetu.

Nikapunguza kula. Na mwanzoni muda ulishuka kweli, 10:19, ndio ubaya wake. Hedhi ikakatika. Miezi minane sikuiona, na nilikuwa naona nimepata bahati, sina usumbufu. Halafu muundi wa kulia ukaanza kuuma, kwanza ninapokimbia, baadaye ninapopanda ngazi, mwisho ninapolala. Daktari alipouliza swali la kwanza sikulitegemea. Hakuuliza nakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Aliuliza, "Mara ya mwisho kuona siku zako lini?" Mfupa ulikuwa na ufa. Akanieleza kwamba mwili ukinyimwa nguvu unazima vitu kimoja kimoja, na ukizima hedhi mifupa nayo inadhoofika.

Nilikaa nje msimu mzima. Nikarudi nikiwa mzito kuliko wakati wowote wa mbio zangu na nikiwa na 18 nilikimbia 9:58.

Dada, ukiona daftari la uzito, uliza maswali.

Dada Mkubwa
Ni wa kike. Ana miaka 14. Asante sana dada yangu, nimeisoma mara tatu. Naomba nikufuate kule ndani nina la kuuliza.

Kumi na Nne
Karibu, muda wowote.

Kengele
Baada ya hilo naona aibu kuleta kichekesho, lakini mleta mada alituita waamuzi, basi nije nikiri.

Mita 3000 wavulana, mimi na kengele ya kuashiria raundi ya mwisho. Mbio hizo ni raundi saba na nusu, wanaanzia upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo mara ya kwanza wanapokupita hawajamaliza hata raundi. Hapo ndipo hesabu inapopotea: ukimpa mkimbiaji hiyo nusu kama raundi kamili, umekwisha. Mimi nilimpa. Kwenye karatasi yangu ikabaki moja, kumbe zimebaki mbili. Nikapiga kengele.

Wangu wote wakaondoka kama wamechomwa. Aliyekuwa anaongoza akatoa kila alichokuwa nacho, akavuka, akalala chali. Saa zikasimamishwa. Walimu wanapongezana. Kumbe kijana mmoja, wa saba au wa nane hivi, hakuongeza kasi wala hakusimama, akapita katikati ya waliolala anasema "bado, bado" huku ameinua kidole kimoja. Alikuwa anahesabu mwenyewe kwa vidole tangu mwanzo, anakunja kimoja kila akipita.

Ikawa zogo. Wengine wakanyanyuka wakamfuata wakichechemea, wengine wakakataa. Mwisho tulikubaliana mbio zirudiwe siku ya pili, na wanaotafuta muda wa kufuzu walikuwa wameshachoka, hakuna aliyeupata. Isipokuwa yule wa vidole. Alimaliza wa pili, na muda akaupata kwa sekunde tatu.

Tangu siku hiyo kwenye mbio zangu kuna mtu wa pili anayehesabu pembeni yangu, na hatuongei mpaka ziishe.

Maili Pungufu
Bado, bado! Nimecheka mpaka watu wameniangalia.

Mwalimu wa Filimbi
Kengele, nami niliwahi, ila mimi niliisahau kabisa. Wakapita wanaulizana. Tuyaache.

Mleta mada, umetuachia hadithi nusu. Uliupata huo 52.20 au hukuupata?

Mleta Mada
Sikuupata mwalimu wangu. Baada ya wiki mbili tulikwenda penye mashine, nikakimbia 52.31, halafu dirisha la kufuzu likafungwa. Mwaka uliofuata nikahamia mita 800. Kule kiwango nilikipita kwa sekunde nzima na zaidi, mbio za kwanza tu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunionyesha saa.