Suti ya kuzamia kwa kazi ya mwani: nichukue ipi?

MamaMwani_Mkinga
Habari za jioni wanajukwaa. Nalima mwani huku Mkinga, Tanga. Kotonii, aina ya mwani tunayolima, inatufia kwenye maji mafupi yanayopata joto, kwa hiyo kikundi chetu kimesogeza kamba mbele, maji ya kifuani, na nyingine hadi uogelee ndipo uzifikie. Msimu wa kusi nikikaa majini muda mrefu natetemeka, vidole vinashindwa kufunga mbegu. Kwenye mitumba mjini nimeona suti mbili za kuzamia. Moja ya milimita 5, kubwa, naweza kuivaa juu ya suruali na blauzi. Nyingine ya milimita 3, inanibana. Muuzaji anasema nene ndiyo bora. Halafu nasikia suti hizi zinaingiza maji. Sasa joto linatoka wapi?

Mzamiaji_Raskazone
Shikamoo mama. Joto linatoka kwako mwenyewe, suti inalizuia tu lisipotee. Ule mpira unaitwa neopreni. Ndani una vipovu vidogo vya gesi, mara nyingi naitrojeni, na si kama sponji ya godoro inayonyonya maji: kila kipovu kimefungwa peke yake. Gesi haipitishi joto kirahisi, ilhali maji yanalichukua mara 25 hivi kuliko hewa. Ndiyo maana bahari ya kusi, nyuzi 25 hivi, inakuchosha wakati hewa ya nyuzi hizohizo ungeiona raha.

Maji kidogo yataingia, mwili utayapasha, basi. Hatari ni yale yanayoingia na kutoka. Suti ikiwa kubwa, kila ukiinama kwenye kamba maji ya vuguvugu yanatoka shingoni na mapya yanaingia kiunoni, na mwili unaanza kupasha upya. Kwa hiyo ile kubwa ya milimita 5 iache, hata akikupunguzia bei. Na usivae blauzi ndani, mikunjo yake inafungua njia za maji. Nguo ya ndani ya kuogelea inayoshika mwili inatosha.

FundiBoti
Naunga mkono. Zile za milimita 5 na 7 kwenye mitumba zilishonwa kwa bahari za baridi. Kwa maji yetu milimita 2 au 3 inatosha. Ukikuta imeandikwa 3/2, maana yake kiwiliwili milimita 3, mikono na miguu 2.

MamaMwani_Mkinga
Marahaba mwanangu. Ila hiyo ya 3 inabana kweli. Nitajuaje kama imezidi?

Mzamiaji_Raskazone
Vuta pumzi hadi mwisho. Kifua kikikataa kujaa, au shingo ikikukaba, hiyo si yako. Chuchumaa, kisha inua mikono kama unayefunga kamba juu. Angalia mgongoni kiunoni, kwapani na shingoni: pakibaki uwazi, maji yatazunguka hapo. Nchi kavu ikikubana kiasi usiogope, majini italegea kidogo. Tafuta iliyokatwa kwa mwili wa kike, maana ya kiume inabana nyonga na kuacha nafasi mabegani. Kuivaa, vaa mfuko wa nailoni mguuni kwanza, utateleza wenyewe.

Binti_Chumbageni
Kwa kuwa ni mtumba, bonyeza mpira kwa kidole gumba, hasa magotini na makalioni. Usiporudi juu, vipovu vimekufa na joto hakuna. Ukunje uone nyufa, na zipu uifunge na kuifungua mara kadhaa. Mshono uliolala bapa, nyuzi zikionekana pande zote mbili, unapitisha maji kidogo. Kwa huku si tatizo. Na dada, kanga jifunge ukishatoka majini. Ukiogelea nayo itakuvuta chini na kunasa kwenye kamba.

FundiBoti
Jambo lingine: vile vipovu vinakuelesha. Kazi ya juu ni nafuu, lakini ukitaka kuzama kufunga nanga utahangaika, na wengi hujifunga mkanda wenye vipande vya madini ya risasi. Mkanda uwe mwepesi: ukishatoa pumzi ya kawaida bado uelee. Ukishuka, vipovu vinabanwa. Mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya juu, suti inakuwa nyembamba, joto na mwelesho vinapungua. Anayezama na mzigo mwingi hupata shida kupanda. Kazi hiyo muwe wawili, mmoja juu anamtazama mwenzake. Na suti haichukui nafasi ya jaketi la kuokolea kwenye mashua.

MamaMwani_Mkinga
Nimeelewa, nachukua ya 3 nikiishaijaribu hivyo. Maji baridi, yasiyo na chumvi, huku kwetu ni ya kununua kwa dumu. Lazima niisuuze kila siku?

Binti_Chumbageni
Ndiyo, chumvi inakausha mpira na kula zipu. Ndoo moja inatosha: izamishe, ikamue kwa viganja bila kuisokota, igeuze ndani nje, maji hayohayo. Anika kivulini juu ya fito nene, sio kwenye kamba nyembamba, itaweka mkunjo. Na usiiweke karibu na dumu la petroli la injini.