Tupeane uzoefu: kwenda kaskazini ya mbali katikati ya majira ya baridi

Wakuu, mimi na mke wangu tunapanga kwenda Tromsø, Norwei, Januari, kuona mwanga wa kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Theluji hatujawahi kuikanyaga. Tiketi tumeshika za siku 3. Mliofika, tupeni uzoefu.

Mtembezi: Siku 3 ni chache, mkuu. Nilikaa 4, mawingu yakaziba usiku 3 mfululizo. Usiku wa mwisho dereva alitupeleka bara, karibu na mpaka wa Ufini, ndipo mbingu ikafunguka. Mwanzoni nilidhani ni kiwingu chembamba cheupe. Kikaanza kujikunja, kikawa kijani, kikatembea hadi juu ya vichwa vyetu. Nililia. Msiogope giza: hadi katikati ya Januari jua halichomozi, ila mchana kuna saa chache za mwanga wa buluu na milima inaonekana vizuri.

Bintimlima: Mimi naongelea nguo, maana ndizo zilinitesa. Fulana ya pamba ilinyonya jasho nikipanda kilima. Niliposimama ikaniganda mgongoni kama nimemwagiwa maji. Ndani vaa sufu. Halafu nilirundika soksi 3 kwenye kiatu kinachobana, vidole vikafa ganzi. Mwenyeji akanivua jozi 2, na muda si mrefu damu ikarudi. Kiatu kiache nafasi! Simu nayo ilizima ikiwa na asilimia 60; iweke mfuko wa ndani, ipate joto la mwili.

Mzee wa Safari: Mkishawishika kuunganisha na visiwa vya Svalbard, angalieni visa. Visiwa hivyo ni vya Norwei lakini viko nje ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Visa yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Ningekwenda, nisingeruhusiwa kurudi Oslo kupanda ndege ya nyumbani. Nilikuja kulijua hilo uwanjani, chumba cha Longyearbyen, mji wa huko Svalbard, nimeshakilipia. Hela ilipotea. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja.

Nyotakali: Kiruna, Uswidi, nilikutana na nyuzi 30 chini ya sifuri, kope zikashikana. Tromsø ni nafuu, mkondo wa maji ya vuguvugu wa Atlantiki unaipasha. Lakini barabarani ni utelezi mtupu. Nunueni yale meno ya chuma ya kuvisha viatu siku ileile mnayofika. Mimi nilichelewa nikavunjika kifundo cha mkono.

Mwenye mada: Asanteni sana wakuu. Tumesogeza tiketi, sasa ni siku 6. Bintimlima, hiyo sufu ya ndani ulibeba jozi ngapi?