Mstari safi kama wa Hergé: nakwama kwenye wino

Mdau_Kibonzo
Wakuu, salaam. Tuliolelewa na vibonzo vya Tintin tunaujua mstari wa Hergé, Mbelgiji aliyevichora: unene mmoja mwanzo hadi mwisho, hakuna vivuli vya mikwaruzo. Ndio huo nautaka. Natumia kalamu ya kuchovya, lakini wino unadondoka mabonge, kingo za mstari zinaota manyoya, na nikipitisha wino juu ya penseli, mtu niliyemchora anakakamaa kama ubao. Kasoro iko wapi?

Nibu_Kavu
Mkuu, nibu mpya (ile ncha ya chuma ya kalamu) huja na mafuta ya kuzuia kutu. Wino haushiki, unajikusanya, halafu unamwagika kwa mkupuo. Isugue kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, ikaushe. Usichovye kupita tundu la katikati, na gusisha ncha kwenye mdomo wa chupa kwanza. Vuta mstari kuja kwako. Ukisukuma, ncha inachimba karatasi na kurusha matone. Pembe ikiwa mbaya, zungusha karatasi.

Manyoya ni karatasi. Ya fotokopi, gramu 80, inanyonya. Tafuta kadi nyororo ya gramu 200. Wino usioyeyuka kwa maji hukaukia kwenye nibu, kwa hiyo suuza kila dakika kumi hivi. Usiutie kwenye kalamu ya kujaza wino, utaiziba moja kwa moja.

Mdau_Kibonzo
Shukrani mkuu. Na huyo mtu anayekakamaa kama ubao?

Wino_wa_Pwani
Hapo ndipo wengi wanaumia. Penseli ya Hergé ilikuwa vurugu tupu: anachora, anafuta, anarudia juu kwa juu, karatasi inakaribia kutoboka. Kisha anaweka juu yake karatasi angavu, inayoonyesha mchoro wa chini, na kunakili ule mstari mmoja tu wenye mwendo. Wino ulikuja baadaye, kwenye karatasi safi. Wewe umeruka hatua ya katikati. Kama huna meza ya mwanga, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana. Raba ipite wino ukishakauka kabisa.

Chora A3, chapisha A4. Ukipunguza hadi asilimia 71, mstari wa milimita 0.7 unakuwa 0.5, na mtetemo wa mkono unapungua nao. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Rangi weka bapa, bila kivuli, kwenye nakala nyingine yenye mistari hafifu. Mistari myeusi ibaki peke yake.

Mwana_Boyoma
Ndugu, msibebe mstari peke yake. Kitabu cha Hergé cha Tintin huko Kongo, 1930–31, kilijaa dharau kwa Waafrika, na alikichora bila kukanyaga Kongo. Mwaka 1934 akakutana Brussels na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka Shanghai. Ndipo *Le Lotus bleu*, kitabu cha Tintin huko China, ikawa na maandishi halisi ya Kichina ukutani, kazi ya Zhang.

Mtazameni pia Barly Baruti, mchoraji vibonzo wa Kisangani. Alipita Studio Hergé, lakini fungueni vibonzo vyake vya *Mandrill*, hadithi aliyoandikiwa na Frank Giroud: uhalisia mtupu, si Tintin aliyebadilishwa shati. Kwa hiyo ukitaka kuchora bajaji, ipige picha mbele, nyuma, ubavuni na kwenye usukani kabla ya kushika penseli. Ile ya usukani ndiyo husahaulika, na dereva akianza tu kuongea utaihitaji.